GRUPU LA UKOO LIMEGEUKA MAHAKAMA, NA HUKUMU INATOKA KILA JIONI

Wadau, leo sina udaku wa nani kaachana na nani. Leo nataka tugombane. Na nianze na swali ambalo kila mtoto wa Lushoto anayeishi Dar, Tanga, Arusha au hata Muscat ameshaulizwa: "Mbona jina lako bado halina tiki?"

Mnaijua hiyo orodha. Inatupwa kwenye grupu saa mbili usiku, watu wamemaliza kula. Juu kabisa herufi kubwa: MICHANGO YA MSIBA, au SENDOFU YA BINTI YETU, au MATIBABU YA BABA MDOGO. Halafu majina. Namba 1, kaka mkubwa, 200,000, tiki. Namba 2, shemeji, 100,000, tiki. Unashuka, unashuka, mpaka namba 43, dada fulani, ahadi 20,000, tiki hakuna. Namba 44, jina tupu. Limekaa pale kama shati lililosahaulika kwenye kamba, kila anayepita analiona.

Nasema hivi, na mkitaka mniponde: hiyo orodha imetuharibia ukoo kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kuingia kwenye simu zetu. Sina kesi na simu. Sina kesi na WhatsApp wala M-Pesa. Kesi yangu ni na sisi tuliochukua vitu vizuri tukavigeuza fimbo ya kuchapia ndugu zetu.

Mastaa kwanza, maana najua ndio mnaowapenda

Kuna kijana mmoja, jina kapuni, mtoto wa huko huko kwetu. Katoka kimaisha, wafuasi anao wa kujaza uwanja. Alipanda milimani na magari mawili, moja lake, la pili la watu wa kamera. Kona zote za kutoka Mombo mpaka Soni kapiga laivu. Maporomoko ya Soni kapiga picha. Irente kasimama ukingoni mikono juu kama mnavyofanya wote. Hapo sina ugomvi naye, kwetu kuzuri, acha watu waone.

Ugomvi unaanza alipofika kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya udongo, bati zimetoboka. Kamletea bati mpya, godoro, unga, mafuta, sukari. Bibi akashukuru kwa Kisambaa, kwa sauti ya chini, kama wanavyoshukuru watu wazima. Mpiga picha akasema sauti haijasikika. Bibi akaombwa arudie. Akarudia. Akaombwa aseme kwa Kiswahili ili wafuasi waelewe. Akasema, maneno yakamgonga, akakosea. Na kile kipande cha kukosea ndicho kilichowekwa mwanzoni mwa video ili watu wacheke. Aliyenisimulia alikuwepo, ndiye aliyebeba bati.

Sasa sikilizeni kilichotokea kamera zilipoondoka. Kwa miaka yule bibi alikuwa akiletewa kuni na kijana wa jirani. Maji akichotewa na mabinti wa nyumba ya chini. Msimu wa mahindi akipelekewa debe na nyumba ya tatu, hakuna aliyetangaza, hakuna aliyehesabu. Baada ya video watu wakapoa. "Si ana staa wake?" Bati kapata, sikatai. Kuni zikakoma.

Na wa pili ni bosi, jina kapuni vilevile, ingawa wanaomfahamu wameshaanza kutabasamu. Ana biashara yake Kariakoo inakwenda vizuri, na mitaani wanasema macho yake yako kwenye uchaguzi. Ukitokea msiba, ndani ya dakika tano kashatupia skrini shoti ya muamala: 500,000. Haongei. Anaweka tu vile viganja viwili vya dua. Baada ya hapo nani atathubutu kutuma 5,000? Mama ntilie wa Buguruni aliyekuwa na 5,000 yake ya kweli, ya jasho, anaona bora asubiri apate 20,000 asidhalilike. Haipati. Siku zinapita, maiti imeshazikwa, naye amebaki jina tupu kwenye orodha. Yule bosi hakumkataza mtu kuchanga. Kawanyamazisha tu.

Tusidanganyane, zamani haikuwa peponi

Najua kuna wazee watasoma hapa waseme "enzi zetu". Shikamooni, ila enzi zenu nazo zilikuwa na taabu zake. Mtu akifa Mtae, watoto wake wako Dar, habari inafikaje? Kwa Radio Tanzania. Mnakaa kimya kusikiliza matangazo ya vifo, majina yanasomwa, fulani wa Lukozi, fulani wa Mlalo, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Kama siku hiyo betri za redio zimekwisha, basi. Unakuja kuambiwa na mtu sokoni, na kwa familia ya Kiislamu kaburi limeshafukiwa zamani.

Na hela je? Hela ilipanda mlima na konda. Bahasha imefungwa gundi, jina limeandikwa kwa kalamu, konda anaambiwa "mpe mzee wa duka la pale stendi, atajua". Wakati mwingine ilifika. Wakati mwingine ilifika imepungua. Wakati mwingine konda mwenyewe alihama basi.

Ndiyo maana M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, watu wa milimani hawakuhitaji kubembelezwa sana. Mtoto yuko Mabibo anauza karoti, mama yuko kijijini juu ya Malindi anaumwa, na hela ya dawa inafika kabla mama hajavaa viatu. Hayo ni mapinduzi, na mimi sitamsikiliza mtu anayesema simu imeua undugu. Simu imewapa watu undugu ambao barabara ilikuwa inawanyima.

Angalia hata shamba. Kabichi haisubiri mtu. Mkulima wa Lukozi anampigia ndugu yake aliyeko sokoni Dar, anauliza leo gunia bei gani, anajibiwa, na kabla hajakata simu kashamwambia jirani wa kulia na wa kushoto. Dalali akija na bei ya kuonea, kijiji kizima kinajua. Huo ni msaada mkubwa, unalisha watoto, na hakuna aliyeupigia skrini shoti.

Na nyie wa mjini mnakumbuka Julai 2021, ilipokuja tozo ya miamala? Kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kutegemea unatuma kiasi gani. Kelele zilipigwa nchi nzima mpaka Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Kwa nini watu walichachamaa vile? Kwa sababu kwa wengi wetu ule muamala si biashara. Ni dawa ya mama, ni ada ya mdogo wako, ni ubani. Ilionekana kama kuna mtu amesimama mlangoni pa msiba anatoza kiingilio.

Basi mimi nauliza: serikali ilipoweka bei kwenye kusaidiana tulipiga kelele. Mbona admin wa ukoo anapoweka kima cha chini cha 50,000 tunasema "sawa mkuu, nipo kwenye mchakato"?

Mikono haina tiki

Milima yetu ina jambo moja ambalo mtu wa tambarare haelewi. Nyumba nyingi gari halifiki. Mgonjwa akizidiwa usiku, anabebwa. Vijana sita, machela au kitanda, njia nyembamba, utelezi, kwenda mpaka barabarani ambako gari litamkuta. Kaburi linachimbwa kwenye mteremko wenye mawe, na ukifikiri ni kazi ya saa moja njoo uishike wewe hiyo sururu. Maji ya kupikia msiba wa watu mia tatu yanatoka kijitoni, yanapanda kwa vichwa vya wanawake. Mvua kubwa zikishuka na mawe yakaporomokea barabara, mara nyingi wa kwanza kufika na majembe ni wenyeji wenyewe, kabla greda halijapewa mafuta.

Kwetu tuna neno la kazi hizi: msaragambo. Mnatoka nyumba kwa nyumba mnatengeneza barabara, mnachimbua mfereji, mnasomba mawe ya darasa. Usipokwenda utasemwa, ndiyo. Ukiumwa, watu wanaelewa. Ukiwa mzee, unaleta uji. Ukiwa mnyonge kabisa, unakaa kivulini unapiga stori watu wasichoke. Kila mtu ana lake la kufanya, na hakuna lisilo na thamani.

Sasa nionyesheni kwenye orodha ya grupu mahali alipoandikwa aliyechimba kaburi. Hayupo. Aliyebeba mgonjwa? Hayupo. Shangazi aliyelala jikoni siku tatu macho mekundu kwa moshi? Huyo ndiyo kabisa, jina lake lipo namba 51, halina tiki, kwa sababu hana hela na simu yake ni ya kitochi. Yeye kafanya msiba ukafanyika, lakini kwenye grupu anahesabika ni mtu asiyejali. Na mpwa wake aliyetuma 50,000 akiwa Mbezi, ambaye marehemu hakuwahi kumwona miaka sita, ndiye amewekewa moto na makofi.

Hii ndiyo teknolojia inatufanyia tusipokuwa macho. Simu inahesabu kinachohesabika. Shilingi inahesabika, moshi wa jikoni hauhesabiki. Halafu taratibu tunaanza kuamini kwamba kisichohesabika hakikutokea.

Dada wa namba 43

Ngoja niwaeleze kisa kimoja muone kwa nini nimekasirika. Dada mmoja, jina kapuni kabisa, hata mtaa sitataja. Kwao ni upande wa Mlalo. Hapa mjini anafanya kazi za ndani, mshahara wake haufiki 100,000. Ukaja mchango wa sendofu ya binamu yake, kima cha chini 50,000, mwisho wa mwezi. Kila jioni orodha. Kila jioni namba 43, ahadi, hakuna tiki. Mjomba mmoja akawa anaandika: "Kuna watu wanasubiri nini? Tutakumbukana." Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Dada akapakua programu ya mikopo kwenye simu. Ikamuuliza ruhusa ya kusoma majina yote aliyohifadhi, akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza wote. Akapata hela, akalipa, akapata tiki yake. Siku saba baadaye hakuwa na ya kurejesha, riba ikaanza kupanda. Ndipo meseji zikaanza kutoka. Kwa bosi wake. Kwa fundi cherehani wake. Kwa mama wa kanisani. Kwa mjomba. "Mwambieni fulani alipe deni, ni tapeli."

Na mjomba yuleyule aliyekuwa akidai tiki akaichukua ile meseji akaitupia kwenye grupu: "Huyu ametuaibisha ukoo." Akatolewa. Zile mnazoita rimuvu.

Miezi michache baadaye mama yake mzazi akazidiwa kule nyumbani. Taarifa ikatolewa wapi? Kwenye grupu. Kila mtu akadhani kaiona. Yeye kaja kuambiwa siku ya pili, na muuza mbogamboga wa kwao aliyekutana naye gengeni. Mama alipona, Mungu mkubwa. Lakini kwa siku mbili mama yule alikuwa akiuliza mbona mwanangu hajapiga simu.

Sasa niambieni, kwa sendofu ya mtu mmoja, tulinunua nini pale?

Mitaani hii mikopo tunaiita kausha damu, na tunailaani sana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Tukashangilia. Lakini hebu tuulizane kwa upole: mbinu ya hawa watu ni nini? Ni moja tu. Kukuaibisha mbele ya watu wako. Hawana mahakama wala mgambo, wana majina ya watu unaowaheshimu. Hiyo mbinu hawakuileta kutoka mbali. Walitukuta nayo, inafanya kazi kila jioni saa mbili.

Nguvu kwa nguvu

Wazee wa Kisambaa wana namna yao ya kusema. Kuna kuzifya shi, kuiponya nchi. Na kuna kubana shi, kuiharibu nchi. Mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, aliyafanya maneno haya kuwa kiini cha kitabu chake kuhusu milima yetu kilichotoka mwaka 1990. Kwa kifupi, zamani za wafalme wa Kikilindi kule Vuga, watu waliamini kwamba wakubwa wakitulia na nguvu ikakaa mahali pamoja, mvua inanyesha na watu wanashiba. Wakubwa wakianza kushindana, nguvu kwa nguvu, nchi inaharibika na njaa inaingia. Na anayeumia ni mkulima ambaye hata hakuwa kwenye ugomvi.

Sasa fungua grupu lako uangalie. Bosi katuma 500,000. Dakika kumi baadaye mpinzani wake kwenye ukoo katuma 600,000. Wa tatu kaahidi ng'ombe. Mnafikiri wanamzika marehemu? Nguvu kwa nguvu hiyo, wadau. Na chini yake kuna shangazi wa namba 51.

Na kama mnadhani watu wa Usambara hawajawahi kuona kazi nzuri ikiharibiwa kwa lazima, someni habari ya Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule bondeni Mlalo. Nia, wenyewe walisema, ilikuwa njema: mvua inachukua udongo, basi limeni matuta. Lakini ikawa amri. Ukaguzi, faini, majina ya wasiotimiza. Watu ambao kwa jirani walikuwa wakienda na jembe bila kuitwa mara mbili, kwenye matuta ya serikali walikwenda wamenuna, na katika miaka ya 1950 upinzani ukawa mkubwa mpaka mpango ukaachwa kabla hata ya Uhuru. Jembe ni lilelile, udongo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alikuwa amesimama na orodha.

Najua mtakachojibu

Mtaniambia: "Bila orodha, mweka hazina atakula hela." Hoja nzito, naikubali, maana wapo waliokula mpaka wakajenga. Lakini dawa yake ipo na tunaijua. Vikoba vyetu, ambavyo mizizi yake inarudi Niger kwenye vikundi vya akina mama vilivyoanza mwaka 1991, vina sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Hela haitoki mpaka watatu wakutane. Hata kwenye simu ipo: M-Koba ilipokuja mwaka 2019 ilichukua wazo hilohilo, hela ya kikundi haitoki kwa kidole cha mtu mmoja. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatambulika kisheria na vinasajiliwa. Kwa hiyo kama shida ni wizi, weka funguo tatu. Chapisha jumla iliyoingia, chapisha matumizi, weka risiti za sanda, mchele na gari. Kumlinda mweka hazina asiibe hakuhitaji mimi kujua shemeji yako katoa ngapi.

Mtaniambia: "Mbona daftari la msibani lilikuwepo tangu zamani?" Kweli, lilikuwepo, na lipo. Mtu mmoja anakaa mezani, anaandika, daftari linafungwa, anakabidhiwa mwenye msiba. Kazi yake ni moja: mfiwa ajue nani alisimama naye, ili siku ya mwenzake naye asimame. Na kwenye lile daftari utakuta imeandikwa sukari kilo 2, kuku 1, mahindi debe 1, kuni mzigo 1. Lilijua kwamba mtu anaweza kutoa bila kuwa na hela. Orodha ya grupu inasomwa na watu 200 ambao hawana cha kuilipia isipokuwa maneno.

Mtaniambia: "Watu wa siku hizi wagumu, bila kuaibishwa hawatoi." Basi semeni tu kwamba mnakusanya faini, tuache kuiita rambirambi. Wahenga walishamaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na Lushoto tuna misikiti na makanisa kila kilima, na kote huko tunafundishwa kwamba sadaka ya siri ni bora. Tunatoka tumeitikia amina, tunawasha simu, tunatupia skrini shoti.

Na mashabiki wa yule staa mtaniambia: "Wewe umempelekea bibi bati gani?" Sawa. Lakini msaada hauwi mtakatifu kwa sababu mwenye kuuliza hana hela. Bibi alistahili bati na heshima, vyote viwili, na cha pili hakina gharama yoyote. Ukitaka kuonyesha, onyesha bati likipigwa misumari. Onyesha mafundi. Uso wa bibi ni wake, na kama hana njia ya kukataa kwa sababu godoro liko mlangoni linasubiri, huwezi kusema amekubali.

Nini kifanyike

Sitaki kuwa wale wa kulalamika halafu wanaondoka. Mimi napendekeza haya, yachukueni mkayapeleke kwenye magrupu yenu:

1. Kwenye grupu iwekwe jumla tu. Majina na viwango wabaki nayo watu watatu, na mwenye shughuli apewe daftari lake shughuli ikiisha.

2. Msiba na ugonjwa visiwe na kima cha chini. Sherehe wekeni mkitaka, sherehe ni hiari, asiyeweza kula pilau lenu ataishi. Lakini kifo hakina kiingilio.

3. Mikono iandikwe. Mkitoa shukrani, anzeni na waliochimba, waliobeba, waliopika, waliochota maji. Hela itajwe mwisho, kwa jumla.

4. Kumtoa mtu kwenye grupu la ukoo kwa sababu ya hela kukome. Grupu hilo ndilo redio yetu ya leo. Ukimtoa umemnyima matangazo ya vifo.

5. Kila ukoo uwe na mtu mmoja, kijana mwenye bando na mwenye adabu, ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wasio na simu janja. Kupiga, sauti kwa sauti. "Shikamoo shangazi, kuna jambo." Dakika mbili tu.

6. Na nyie wenye nazo, akina 500,000: tumeni, tunawahitaji, Mungu awazidishie. Tumeni kwa mweka hazina, mkae kimya. Kama kuna mtu ambaye lazima ajue umetoa, basi huyo ni mfiwa, na atajua.

Haya, uwanja wenu, niponde mnavyotaka, na akina mjomba mnaojitambua humu mnakaribishwa pia. Ila kabla hujaanza kuandika, kuna mtu nyumbani ambaye unajua kabisa kwamba jina lake limekaa tupu wiki hii. Mtumie hata 3,000 amalize ahadi yake kwa heshima. Usimwambie mtu. Na tafadhali, weka na ya kutolea.